Fedha za Mafunzo ya Kazi: Zinatoka kwa Nani, Zinamfikia Nani?

Katika madarasa ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: kwa nini kijana wa Kibiti aliyefuzu useremala anarudi kijijini na cheti mfukoni, lakini hana msumeno? Wako wanaojibu haraka kwamba vijana ni wavivu. Jibu hilo si sahihi. Kada asiyechunguza historia ya jambo huishia kulaumu watu badala ya kuchambua mpango. Hebu basi tuanze na mwanzo.

Fedha za umma ni jasho la wakulima na wafanyakazi lililokusanywa pamoja. Kwa hiyo kila mfuko wa mafunzo una maswali mawili: nani amelipa, na kwa ajili ya kazi gani?

Wakoloni walihitaji nguvu kazi kuliko mafundi. Kodi ndiyo iliyomlazimisha Mrufiji kutafuta kibarua, akate boriti za mikoko au aende kwenye mashamba ya mkonge. Shule chache za ufundi zilizofunguliwa miaka ya 1950, kama Ifunda, zilikuwa mbali na delta. Hata hivyo delta haikukosa mafundi. Waunda majahazi walifundishana, mwana kwa baba, bila senti ya serikali.

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, msimamo ulibadilika. Mafunzo yakawa haki ya mwananchi, na taifa zima likayalipia kwa njia ya bajeti. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya mafunzo ya ufundi. Mwaka 1975 ukaanza mpango wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano na msaada wa Sweden. Ikwiriri ikapata chuo chake. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ndani yake kulikuwa na udhaifu: sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na mfadhili. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na matatizo ya uchumi ya miaka ya 1980 vilipoibana bajeti, vyuo vikapungukiwa vifaa. Sera sahihi inayotegemea mfuko wa mwingine ni sawa na kuvua kwa mtumbwi wa kuazima: mwenyewe akiutaka, uvuvi umekwisha.

Mwaka 1994 sheria mpya iliunda VETA na kuanzisha tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayolipwa na mwajiri kwa kukokotoa mishahara anayoitoa. Ilianza kwa asilimia 2, ikapanda hadi 6, na mwaka 2023 ilipunguzwa hadi 3.5. Msingi wake ni wa haki: anayenufaika na ujuzi wa mfanyakazi achangie. Wala fedha za tozo hazikwenda zote kwenye ufundi stadi, ingawa ndilo jina lake.

Hapa ndipo penye mgongano. Mfuko unaokusanywa kwenye mishahara huelekea kuitazama kazi ya mshahara. Mkulima wa mpunga wa Rufiji, mvuvi wa kamba wa Nyamisati na muunda mashua hawana mwajiri. Wasipotetewa na mtu, mtaala hautawaona.

Uko mfuko mwingine. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Lakini mapato ya ndani ya wilaya ya wakulima hutegemea mavuno. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Mwaka ambao shamba linazama ndio mwaka ambao ushuru unapungua na wahitaji wanaongezeka.

Sasa tunaweza kujibu swali la msumeno. Mfuko mmoja unafundisha, mwingine unakopesha, na kila mmoja una ofisi yake na ratiba yake. Kijana anamaliza chuo kabla mkopo haujafika. Mwenzake anapata mkopo kabla hajafundishwa. Kosa liko katikati ya mifuko miwili.

Wajibu wa kada ni huu. Kwanza, aorodheshe kazi zinazofanyika kijijini kabla ya kuomba mafunzo. Pili, adai wahitimu waundwe vikundi wakiwa bado chuoni, ili zana na cheti vifike pamoja. Tatu, asome makisio ya halmashauri na kuwasomea wananchi hadharani. Mwananchi asiyejua kiasi kilichotengwa hawezi kuuliza kilikokwenda.

Tukishindwa hayo, tutaendelea kuwaita wavivu watu tuliowapa nusu ya kazi.