Fikra Zipitazo Moyoni na Hukumu Yake

Wapo waumini wanaoacha sala kwa kudhani wamekwishatoka katika Uislamu. Sababu ni fikra mbaya zinazowajia wakiwa wamesimama mbele ya Mola wao. Tumeona ni wajibu kulibainisha jambo hili.

Kwanza, ieleweke kuwa si jambo geni. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa baadhi ya Masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba hupata nafsini mwao mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka. Hakuwakemea, bali aliwajulisha kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Imam Nawawi ameeleza kuwa makusudio ni kule kuyachukia kwao.

Pili, wanachuoni, akiwemo Imam Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, yaani 1505), wametaja daraja tano: hajis, wazo linalotupwa moyoni ghafla, khatir, wazo linalopita na kuzunguka humo, hadithun-nafs, mtu kujisemesha, nifanye au nisifanye, hamm, kuelekea kutenda, na azm, kukata shauri. Tatu za mwanzo hazina hisabu. Hamm ya uovu haiandikwi, na mwenye kuiacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu huandikiwa jema. Ama azm, kwa kauli ya wahakiki, mtu huulizwa.

Basi mja afanye nini? Wengi hushindana na wazo, na kushindana nalo ni kulikaribisha. Mfano wake ni mpita njia mbele ya baraza yako: kumwona si kosa, lakini ukimwita na kumpa kiti, amekuwa mgeni wako. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki mwaka 974 Hijria), mwenye kitabu cha Tuhfa, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu kuwa ni kuupuuza kabisa. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anayetiwa shaka juu ya Mola wake ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akome hapo hapo.

Hivyo, ukikaa baada ya sala kwa dhikri na muraqaba, wazo likija litambue, usilifuate wala usilijibu, kisha rejea katika dhikri yako. Likirudi mara mia, nawe rejea mara mia.

Kwa hiyo, ndugu Muislamu, usiiache sala kwa ajili ya mpita njia.

Wallahu aalam.