Ujima na Kujitolea: Kazi ya Makundi katika Mashamba ya Jamii Mijini

Makala haya yananuia kufafanua namna makundi ya watu wanaojitolea yanavyofanya kazi katika mashamba ya jamii yaliyo mijini, na kuonyesha kwamba sarufi yetu imehifadhi tofauti ambayo makundi hayo aghalabu huisahau. Kwa shamba la jamii tuna maana ya kipande cha ardhi mjini, mara nyingi cha serikali ya mji au cha taasisi, ambacho wakazi wa mtaa hukilima kwa pamoja, kisha mavuno yakagawanywa au kuuzwa papo hapo mtaani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi 'kujitolea' kimetokana na 'toa', kikanyambuliwa katika kauli ya kutendea kuwa 'tolea', kisha kikapachikwa kiambishi -ji- cha kujirejelea. Mtenda ndiye huyo huyo mtendwa. Anayepokea hatajwi popote katika neno hilo. Sasa linganisha na 'kusaidiana' au 'kulimiana'. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana kinadai pande mbili: leo kwako, kesho kwangu.

Hapa ndipo panapoingia neno 'ujima'. Wengi wetu tulilifahamu katika madarasa ya uhakiki wa Kimaksi, likitajwa kama hatua iliyotangulia utumwa na ukabaila, na tukaliacha huko huko. Lakini ujima pia ni kazi ambayo majirani huifanya kwa pamoja na kwa zamu, hasa kazi ya shamba. Wagikuyu huiita ngwatio, Wakamba mwethya, Waluo saga. Mwenye shamba aliwaandalia wenzake chakula, ila malipo halisi yalikuwa deni la jembe: aliyelimiwa alipaswa kwenda kulima. Asiyetokea kwa wenzake hakutarajia watu kwake.

Neno hili limesafiri mbali. Mwaka 1966 msomi Mmarekani mweusi, Maulana Karenga, alipoasisi sherehe ya Kwanzaa huko California, aliipa kanuni ya tatu jina Ujima na ya nne Ujamaa. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba mfano wetu mkuu, ingawa unatoka Detroit, Marekani, una harufu ya Kiswahili.

Detroit si mgeni wa kilimo cha mjini. Baada ya uchumi kuanguka mwaka 1893, meya Hazen Pingree aliwahimiza wenye viwanja vitupu kuwaruhusu maskini kupanda viazi humo. Katika karne ya ishirini mji ulitajirika kwa viwanda vya magari, kisha ukapukutika: wakazi walikuwa takriban milioni 1.85 mwaka 1950, na kufikia mwaka 2010 walisalia kama 714,000. Viwanja vitupu vikatapakaa. Mwaka 2006 kikaundwa chama kilichoitwa wakati huo Detroit Black Community Food Security Network, ambacho shamba lake, D-Town, liko ndani ya bustani ya umma ya Rouge Park. Shamba lilianza hapo mwaka 2008 kwa ekari mbili zilizokodishwa na mji kwa dola moja kwa mwaka, likapanuka hadi ekari saba. Chama hicho kiliwahi pia kuendesha mpango wa ununuzi wa chakula kwa pamoja, nao ukaitwa Ujamaa.

Sababu waliyoitoa waasisi ya kuunda chama hicho inatuhusu sana. Waliona kwamba katika mji ambao wengi wa wakazi wake ni weusi, wengi waliokuwa mstari wa mbele katika kilimo cha mjini walikuwa vijana weupe. Nia yao ilikuwa njema, lakini sauti yao ilizidi idadi yao. Msaada, kwa maneno mengine, ulikuwa umeanza kutawala. Chama hakikuwafukuza waliojitolea. Wikendi mashamba yake yaliendelea kupokea mikono mingi. Kilichobadilika ni nani anayeamua kipandwe nini.

Je, kundi la watu thelathini linafaa kazi gani kwa siku moja? Kazi nzito zisizohitaji jicho la mzoefu. Kubwa kuliko zote ni mboji. Udongo wa mjini mara nyingi una vigae, vioo na hata madini ya risasi kutoka rangi za kale, hivyo wakulima huinua matuta na kuyajaza udongo safi na mboji. Rundo la mboji huchanganywa majani makavu na mabichi. Likishika joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa kipimo cha selsiasi huua mbegu nyingi za magugu, mradi ligeuzwe mara kwa mara ili la nje liingie ndani. Kugeuza rundo kwa fokojembe ni adhabu kwa mtu mmoja, ni karamu kwa kumi. Kadhalika kubeba matandazo kwa toroli na kuchimba mitaro. Palizi ni hatari zaidi, kwani mgeni hawezi kutofautisha mche wa karoti na gugu, na huving'oa vyote kwa bidii ile ile. Kuhusu upandaji, usimwachie anayetaka kupigwa picha.

Tatizo ni kwamba kundi huja Jumamosi, ilhali mimea hunywa maji Jumanne pia. Kila ugeni humgharimu msimamizi asubuhi nzima ya kugawa vifaa na kueleza, na ugeni usiorudi haulipi asubuhi hiyo.

Nyumbani, baada ya ghasia za 2007 na 2008, wakazi wa Kibera walipanda mboga katika magunia yaliyojazwa udongo, na mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini. Vyama vya wanafunzi navyo hupenda ziara za hisani za siku moja: fulana mpya, miche, picha, basi kurudi chuoni. Maoni yetu ni kwamba ziara hizi zimesheheni -ji- na kukosa -an-. Chama kinaweza kuchukua tuta moja na kulitunza kwa zamu, watu wanne kila juma badala ya arobaini kwa muhula. Nalo deni lirudi: wakulima waalikwe chuoni kutufundisha msamiati wa udongo na mbegu ambao makamusi yetu hayajaukusanya, na walipwe kama wahadhiri wageni.

Ratiba ndiyo kikwazo. Sukuma wiki iliyohamishiwa tutani huanza kuchumwa baada ya majuma sita hadi manane, na mvua za masika, Machi hadi Mei, hazijali tarehe za mitihani wala za likizo. Kabla ya kundi kuahidi lolote, basi, liandike kwanza majina ya wanachama watakaobaki mjini vyuo vikifungwa.