Leso si kosa

Mama akiingia duka la nguo mjini Kitui au Wote, huomba leso. Akivuka mpaka hadi Tanzania akaomba leso, atapewa ya kufutia jasho! Huko aseme kanga. Basi wapo wanaodai sisi Wakenya ndio tuliopotoka. La hasha.

Leso ni neno la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Pwani na Unguja walinunua vitambaa hivyo sita kwa mpigo, wakavishona vitatu juu, vitatu chini, wakapata nguo pana. Wafanyabiashara kuona vile, wakaagiza iliyopigwa chapa nzima nzima. Baadhi ilikuwa na madoadoa kama ya kanga, ndege yule. Jina la pili hilo.

Kwa hiyo leso limehifadhi ushonaji, kanga limehifadhi urembo. Yapi makosa hapo?

Na Ukambani je? Tangu enzi za Kivoi wa Kitui, Wakamba walishuka Mombasa na pembe za ndovu, wakarudi na nguo. Nadhani ndiyo maana walilishika neno la Mombasa.