Mpaka wa Silabi: Kutoka Mgeta hadi Kivumishi Ambatani cha Kiingereza

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, au huwa nazali peke yake. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Majina ya Uluguru yadhihirisha hayo: Mgeta hugawika M-ge-ta, Matombo, Ma-to-mbo, wala mb haitenganishwi.

Kivumishi ambatani cha Kiingereza "rain-fed", kitumikacho kwa kilimo kitegemeacho mvua, kina silabi mbili tu, zote funge, na mkato wake hufuata mpaka wa maneno yaliyoungwa. Mwanafunzi wa Morogoro atamkapo re-ni-fe-di, mkazo ukaangukia fe, hakupungukiwa akili. Afuata kanuni ya lugha aliyoizoea. Mwalimu na amfundishe tofauti ya kanuni hizo, asimcheke.