MVUA YA JIRANI SI MVUA YAKO

Ndugu mkulima, siku utakapopeleka mazao yako Nairobi, pita Pumwani, mtaa mkongwe ulio jirani na soko la Gikomba. Hapo hukaa watu wa kila upande wa Kenya. Waulize habari za mvua makwao. Mmoja atakuambia imezidi, mwingine atakuambia haikuonekana. Wote wawili wasema kweli.

Watu wa Pumwani hawana mashamba mtaani, lakini mvua yako huwafikia. Mwaka 2022 bei ya pakiti ya unga wa kilo 2 ilipita shilingi 200, na ukame ulikuwa sababu mojawapo. Mwezi wa Aprili 2024 mambo yaligeuka: Mto Nairobi, ambao chanzo chake kiko upande wa Kikuyu, ulifurika na kuingia katika makao ya watu walio kando yake.

MVUA HUTOKA WAPI?

Wazee walijua pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na kusi hufuata hadi karibu na Oktoba. Pepo hizi zinapopokezana, ukanda wa mvua hutupitia: masika mwezi wa Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Lakini si sawa kila mahali. Trans Nzoia na Kakamega hupata mvua hata Julai na Agosti, wakati Machakos ni kavu.

KUMEBADILIKA NINI?

Moshi wa makaa ya mawe na mafuta umeipasha dunia joto kwa zaidi ya digrii 1 tangu karne ya 19. Kwa kila digrii moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikinyesha yaweza kunyesha kwa nguvu, na ikikatika jua hukausha udongo upesi.

Bahari nayo haipati joto sawasawa. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa, kama mwaka 1961, 1997 na 2019. Upande wetu ukipoa, vuli hukosekana. Kaskazini na mashariki ya Kenya misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022.

Wataalamu wameona pia kwamba tangu miaka ya 1980 masika yetu yamepungua katika miaka mingi, ijapokuwa mengine, kama ya 2018 na 2024, yalikuwa mafuriko. Huko Bara Hindi wanatazamia mvua ya pepo za msimu iongezeke, lakini inyeshe kwa vishindo. Sahel ilikauka sana miaka ya 1970 na 1980, kisha mvua ikarudi kwa kiasi. Dunia ni moja, lakini kila nchi ina habari yake.

BASI UFANYE NINI?

Kwanza, usipande kwa kufuata kalenda, wala kwa sababu shemeji yako wa kaunti nyingine amepiga simu kwamba kwao imenyesha. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako unasema nini juu ya kaunti yako.

Pili, usitie shamba zima katika mbegu moja. Penye mvua chache, mahindi ya Katumani hukomaa mapema. Weka na mtama na kunde kando yake.

Tatu, yazuie maji. Chimba matuta ya fanya juu kwa kukingama mteremko, funika udongo kwa majani makavu, na uchimbe bwawa dogo. Usilime hadi ukingoni mwa mto. Maji unayoyazuia leo yatakunywesha mimea wakati wa jua, wala hayatachukua udongo wako kwenda kumfurikia mtu mwingine huko chini.

Mvua hatuwezi kuiamrisha, lakini twaweza kuipokea vizuri. Ukifanya hivyo, ghala lako halitakuwa tupu, na mama wa Pumwani atapata unga kwa bei anayoiweza.