Je, Wajua? Maajabu ya Kipindi cha Kiingereza

Sogea hapa. Leo tunapekua daftari la Kiingereza la sekondari, lile lenye istilahi za fasihi ambazo wengi huzikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Je, wajua kuwa soneti ina mishororo 14, na kwamba soneti 154 za Shakespeare zilichapishwa kitabuni mwaka 1609? Hiyo bado ndogo. Fungua Romeo and Juliet: utangulizi wake ni soneti, nayo inakuambia waziwazi kuwa wapenzi hao watakufa, hata kabla hawajaingia jukwaani! Hapo ndipo kinaya kinapoanzia: wewe unajua, wao hawajui.

Subiri, hatujamalizana na hao wawili. Maneno ya kwanza wanayosemezana karamuni, yahesabu. Mishororo 14, na vina vyake! Ndiyo kwanza wamekutana, na tayari wametunga soneti kwa kupokezana. Na ile roshani maarufu anayochorwa Juliet kila mahali? Neno hilo halimo kabisa katika tamthilia. Shakespeare anataja dirisha tu.

Je, wajua kwamba Julius Caesar anauawa katikati ya tamthilia yenye jina lake? Ina sehemu 5, naye anachomwa visu katika ya 3. Tafsiri ya Kiswahili ya Mwalimu Nyerere ilitoka 1963, mwenyewe akiwa Rais. Mwaka 1969 akaongeza Mabepari wa Venisi. Nawe unasema huna muda wa kusoma?

Umewahi kuulizwa maana ya mdokezo, yaani kazi moja kuigusa nyingine? Angalia majalada tu. Things Fall Apart ya Chinua Achebe, 1958: jina limetoka katika shairi la Yeats. No Longer at Ease, 1960: shairi la T. S. Eliot. Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, 1964: shairi la Walt Whitman. Riwaya 3 za Afrika, washairi 3 wa ng'ambo!

Na huyo huyo Eliot, unajua alifanya nini mwaka 1944? Akiwa mhariri wa kampuni ya uchapishaji London, aliikataa Animal Farm ya George Orwell. Hadithi hiyo ya mafumbo ikatoka kwingine mwaka 1945, na leo hata Kiswahili inacho: Shamba la Wanyama. Mimi hucheka kila nikikumbuka.

Taharuki, je? Mwaka 1873 Thomas Hardy alimwacha mhusika wake ananing'inia kwenye genge juu ya bahari. Riwaya ilikuwa ikitoka kidogo kidogo katika jarida la kila mwezi. Fikiria wasomaji walivyosubiri!

Ukiambiwa umtaje mhusika mkuu wa Breath ya Samuel Beckett, usihangaike. Tamthilia nzima haifiki dakika 1, na jukwaani hatokei mtu yeyote.

Haya, tuje kwenye ufahamu. Hebujaribukusomahivi. Umeona? Wagiriki wa kale waliandika namna hiyo, maneno yote yameungana! Waandishi wa Ireland ndio walioanza kuyaachia nafasi maneno ya Kilatini, kwenye karne ya 7. Washukuru.

Je, wajua kwamba mada unayoifahamu inaweza kukubeba kuliko ufundi wa kusoma? Mwaka 1988 watafiti Marekani waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua! Kwa hiyo anayekusema kwa kusoma magazeti ya michezo, mwambie unajiandaa na mtihani.

La mwisho, na hili litakuokoa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi 4. Jingine lilikisoma katika kipindi 1, kisha likajipima mara 3 bila kukitazama tena. Baada ya wiki 1, la kwanza lilikumbuka asilimia 40. La pili, asilimia 61! Basi funga daftari, rafiki yangu, ujiulize maswali.