Santuri za Zamani: Dukani au Mtandaoni?

Santuri huuzwa leo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mkononi: mnunuzi anaingia dukani au anasimama mbele ya kibanda, anaitoa santuri kwenye mfuko wake, anaigeuza kwenye mwanga, pengine anaisikiliza, kisha analipa. Ya pili ni ya mtandaoni: analipa kwanza, na anacholipia kwa wakati huo ni picha na maelezo ya santuri iliyo mji mwingine au bara jingine. Wengi hulinganisha njia hizi kwa bei na kwa wingi wa bidhaa. Hayo yana maana, lakini tofauti kubwa zaidi ni nani anayeamua hali ya santuri, na anaiamua kwa macho na masikio ya nani. Afrika Mashariki swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya santuri za wanamuziki wa hapa ni kuukuu, zilizochezwa miaka mingi kabla ya kufika sokoni tena.

Biashara yenyewe ina umri mrefu katika pwani hii. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zilizotokana na safari hiyo zikauzwa Zanzibar na bara. Zilikuwa za shelaki, zikizunguka mara 78 kwa dakika, nzito, na zikianguka zinapasuka kama vigae. Santuri ya plastiki ilikuja baadaye. Columbia ya Marekani ilitoa ile kubwa ya inchi 12 mwaka 1948, na RCA Victor ikajibu mwaka 1949 kwa ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika. Hii ndogo ndiyo iliyotamba huku kwetu. Upande wake mmoja hautoshi wimbo mzima wa dansi, kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa mbili: sehemu ya kwanza, yenye maneno, upande A, sehemu ya pili, ambako magita yanashika chemko, upande B. Mnunuzi anayepima upande mmoja tu anaweza kwenda nyumbani na nusu ya wimbo.

Maduka ya wakati huo yalikuwa zaidi ya maduka. Assanand & Sons wa Mombasa waliuza santuri na pia kutoa taarab kwa lebo yao ya Mzuri. Chandarana wa Kericho walirekodi wanamuziki wa magharibi mwa Kenya na kuuza kazi zao. Melodica, iliyofunguliwa mwaka 1971 katika barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nayo ilikuwa na lebo zake. Mwenye duka alisikia kaunta wateja wanaulizia nini, akajua arekodi nani wiki ijayo. Bendi za Tanzania zilikuwa na tatizo lao: zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kanda hizo zilikuwa za kutangazwa redioni, na aliyetaka sauti yake iwe santuri aliitafuta Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya hivyo, na akina Kinyonga, ndugu waliotoka Tanga, walihamia huko kabisa na kuunda Simba Wanyika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia hiyo ikabanwa hadi 1983. Wakati huo kaseti, rahisi kunakili na rahisi zaidi kuibia, ilikuwa imeshaingia kila nyumba, na santuri haikupata nafasi ya kurudi.

Kilichobaki ni cha aina mbili. Kuna akiba ya zamani isiyowahi kuuzwa: Melodica imekuwa ikijulikana kwa wapenzi wa muziki kutoka nchi nyingi kwa sababu rafu zake zilitunza santuri ndogo ambazo hazijaguswa na sindano. Na kuna zilizotumika, zinazotoka majumbani wazee wanapofariki au familia zinapohama, zikapitia kwa wauzaji wa vitu kuukuu hadi kwenye vibanda kama vile vilivyojipatia jina katika soko la Kenyatta, Nairobi. Hizi za pili ndizo nyingi, na ndizo zinazohitaji macho.

Ukaguzi wa santuri mkononi hauchukui dakika mbili kwa anayejua. Kwanza inashikwa kwa kingo na kuinuliwa usawa wa jicho, ili kuona kama imepinda. Jua na gari lililofungwa madirisha huikunja plastiki kirahisi. Kisha inaelekezwa kwenye mwanga. Michubuko ya juu juu, inayotokana na kuingizwa na kutolewa kwenye karatasi, mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaopitishiwa ukucha ukaukwaza utaikwaza na sindano. Kibaya zaidi hakionekani kwa asiyezoea: mifuo iliyopoteza mng'ao na kugeuka kijivu. Hiyo ni santuri iliyochezwa mamia ya mara kwa sindano nzito na butu, kwenye baa au kwenye redio-gramu ya sebuleni, na hakuna sabuni itakayoirudishia sauti. Uchafu, kwa upande mwingine, hautishi. Santuri yenye vumbi na alama za vidole huweza kuoshwa ikaimba vizuri. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huipita ile inayong'aa kwa mafuta ya kupaka na kuichukua ile chafu yenye mifuo mizima.

Muuzaji mwenye mashine kibandani humaliza ubishi kwa kuicheza. Lakini mchango wake mkubwa ni kujua. Wanamuziki wa Nairobi walikuwa wakirekodi kwa majina tofauti ili kukwepa mikataba. Kundi la akina Kinyonga, kwa mfano, lina kazi zilizotoka kwa jina la Orchestra Jobiso. Anayemtafuta Simba Wanyika kwa jina hilo peke yake, awe mbele ya rafu au mbele ya kompyuta, atazipita kazi hizo bila kujua. Mwenye kibanda aliyeuza muziki huu kwa miongo kadhaa humwekea mkononi bila kuulizwa. Tahajia nazo ni msitu: jina moja la mwimbaji huweza kuandikwa kwa njia tatu kwenye lebo tatu, kwani wachapaji wa lebo hawakuwa wakiwauliza waimbaji.

Mtandao umejaribu kuyaweka maarifa hayo mahali pamoja, na kwa kiasi kikubwa umefaulu. Discogs, iliyoanzishwa na Kevin Lewandowski huko Portland, Marekani, mwaka 2000, ilikuwa mwanzoni orodha ya santuri za muziki wa kielektroniki tu. Watumiaji wake waliipanua hadi ikawa na mamilioni ya matoleo, kila moja na lebo yake, namba yake, na mara nyingi maandishi madogo yaliyochongwa karibu na kitovu cha santuri, ambayo humsaidia mtu kutofautisha chapa ya kwanza na ya baadaye. Soko lilijengwa juu ya orodha hiyo. Kwa muziki wa Afrika Mashariki, ambao maktaba nyingi hazikuuhifadhi kwa utaratibu, orodha hii ya wapenzi ni kumbukumbu ya maana, ingawa imejaa mapengo na imeandikwa zaidi na watu wasiojua Kiswahili.

Hali ya santuri mtandaoni huelezwa kwa herufi, kwa kipimo kilichotokana na jarida la Goldmine la Marekani. M ni mpya isiyochezwa. NM ni karibu mpya. VG+ ina dalili chache za kutumika. VG ina mikwaruzo inayosikika muziki unapotulia. G iko karibu na mwisho wa orodha, ina kelele nzito mfululizo ingawa haijaanza kuruka. Mnunuzi mgeni hukosea hapa kuliko popote pengine, kwa kudhani daraja la G ni la kuridhisha. Isitoshe, kipimo ni kimoja lakini wapimaji ni maelfu. Muuzaji anayepima kwa macho tu ataipa VG+ santuri ile ya kijivu tuliyoitaja, na hatakuwa amedanganya, hakuicheza. Kwa hiyo mnunuzi makini huangalia zaidi maneno yaliyofuata herufi kuliko herufi zenyewe, huangalia sifa za muuzaji kwa wateja waliotangulia, na huuliza swali moja kabla ya kulipa: imechezwa, au imeangaliwa tu?

Kwa upande wa dhamana, mtandao una nafuu iliyo wazi. Anayelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko ikiwa alichopokea si kile kilichoelezwa. Kibandani, ukishaondoka umeondoka, isipokuwa kwa hisani ya muuzaji anayekufahamu.

Upande wa gharama ni mgumu zaidi kuliko bei iliyoandikwa. Santuri kubwa ya kawaida ina uzito wa gramu 120 hadi 140, na nyingine za siku hizi hufika 180, bila kuhesabu jalada na maboksi ya kuzuia isipinde. Muuzaji mwangalifu huitoa nje ya jalada kabla ya kuifunga, ili isipasue kingo za jalada ikitikisika njiani. Nauli ya kutoka Ulaya hadi Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi huizidi bei ya santuri yenyewe, hasa ile ndogo, na hapo kodi haijaguswa: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, pamoja na ushuru wa forodha. Anayenunua kwa busara hukusanya santuri kadhaa kutoka kwa muuzaji mmoja ili nauli igawanyike. Anayenunua moja moja analipia ndege kuliko muziki.

Malipo nayo yana mlango wa upande mmoja. Tangu 2018 Mkenya ameweza kuunganisha PayPal na M-Pesa, akapokea fedha kutoka nje. Kwa muda mrefu Mtanzania ameweza kulipa kwa PayPal lakini si kupokea kwa njia ya kawaida. Matokeo yake yanaonekana sokoni: santuri za bendi za Tanzania zinazouzwa kwenye mtandao huwa zimepakiwa na wauzaji wa Ulaya, Marekani au Nairobi, na mwenye sanduku la santuri Tanga au Morogoro anamuuzia mtu wa kati. Faida inabaki kwa aliye na akaunti. Hili linastahili kuzungumzwa kuliko malumbano ya sauti ya plastiki dhidi ya sauti ya simu.

Nchi zilizoanzisha biashara hii nazo zimepitia njia yao. Tower Records, mtandao mkubwa wa maduka ya Marekani, ulifilisika mwaka 2006, na wengi wakadhani duka la santuri limekwisha. Maduka madogo yakajibu kwa kuanzisha Record Store Day mwaka 2008, siku ambayo matoleo maalumu huuzwa dukani tu. Mwaka 2022 santuri zilizouzwa Marekani zilikuwa milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza kuzipita tangu 1987. Dusty Groove ya Chicago ilikwenda kinyume na matarajio: ilianza mtandaoni mwaka 1996, kisha ikafungua duka.

Huko kufufuka kwa soko la dunia kumebadilisha hata kibanda cha Nairobi. Discogs huonyesha, kwa kila toleo, bei ya chini, ya kati na ya juu iliyowahi kulipwa, na simu inatosha kuisoma. Zamani mnunuzi mjuzi alipata hazina kwa bei ya chai kwa sababu muuzaji hakujua. Siku hizi muuzaji anatoa simu kabla ya kutaja bei. Kupatana bado kupo, ila kunaanzia juu. Tatizo ni kwamba bei ile ya mtandaoni ni ya santuri safi iliyokaa nyumba yenye ubaridi Ulaya, na mara nyingi huwekwa juu ya santuri iliyochakaa ya hapa. Mnunuzi anayejua kutofautisha VG na NM ana hoja ya kupunguziwa; asiyejua analipa bei ya Berlin kwa kelele za baa.

Kwa anayetaka kusikia muziki bila kujali chapa ya kwanza, njia ya tatu ni matoleo mapya ya nyimbo za zamani. Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013 na wa pili mwaka 2016, nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zimetoka awali kwenye santuri ndogo tu. Haya huuzwa mapya, bila mashaka ya VG wala G, lakini huchapwa nje, kwa hiyo yakiagizwa Nairobi yanabeba nauli na ushuru uleule wa santuri nyingine yoyote kutoka Ulaya. Anayetaka kununua ya zamani na asilipe nauli hiyo bado inampasa aende dukani, na aende na taa nzuri.